Sisi wa Shingo Fupi

Picha iliniingia kwenye simu Desemba 2020. Nilikuwa nimerudi kwetu, nimejilaza kwenye kochi la mamangu, najifanya nasoma masomo ya mtandaoni. Vyuo vilikuwa vimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, na karo ya muhula uliofuata haikuwepo. Kila mtu nyumbani alilijua hilo na hakuna aliyelisema.

Ilikuwa picha ya twiga. Amesimama juu ya chelezo cha chuma katikati ya ziwa, shingo imesimama kama mlingoti, boti zikimsindikiza. Aliyenitumia ni jamaa niliyekuwa nalala naye chumba kimoja hosteli, Mchamus kutoka upande wa Marigat. Boma lao lilikuwa limemezwa na Ziwa Baringo miezi michache kabla. Chini ya picha aliandika maneno machache tu: “Sisi shingo zetu fupi. Hatukuonekana.”

Nilicheka, halafu nikaona haya. Halafu, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini, hasira za kutosha na bando ya siku moja, nikapachika mtandaoni maneno makali kuhusu nchi inayojengea twiga meli na kugawia watu blanketi. Watu walisambaza sana. Maneno yale bado yako huko, sijayafuta. Lakini chuo niliacha, muda nikawa nao, na nilianza kusoma kuhusu Baringo kama mtu anayetafuta ushahidi wa kushinda mjadala. Nilichokipata hakikunisaidia kushinda.

Tuanze na yule twiga. Anaitwa Asiwa. Vitabu vya wanyama vinamwita twiga wa Rothschild, jina lililotolewa mwaka 1903 kwa heshima ya Walter Rothschild, tajiri Mwingereza aliyependa kukusanya wanyama. Siku hizi wanasayansi wengi wanamhesabu kuwa twiga wa Nubia. Lakini kuna jina la tatu, ambalo limekuwa likitumika muda mrefu: twiga wa Baringo. Utamtambua kwa miguu. Madoa yake yanaishia magotini, na kuanzia hapo kwenda chini ni meupe, kama mwanafunzi aliyevuta soksi juu siku ya ukaguzi.

Kama umewahi kwenda Giraffe Centre pale Lang'ata ukalambwa mkono kwa ule ulimi mweusi, basi mnajuana. Wale ni ndugu zake. Babu zao walihamishwa miaka ya 1970 kutoka Soy, karibu na Eldoret, wakati shamba kubwa walimokuwa wakiishi lilipokuwa linakatwakatwa kugawiwa watu. Kwa hiyo mtoto wa Nairobi alikua akiwalisha twiga wa Baringo kwa mkono, huku mtoto wa Baringo akikua bila kumwona hata mmoja. Kando ya ziwa lenyewe walikuwa wametoweka kwa kama miaka 70. Waliwindwa, na pori walilolitegemea likaisha. Jina likabaki kama kibao cha duka lililofungwa zamani.

Na Baringo haikuwa pembeni mwa dunia, hata kama ramani ya shule ilitufanya tudhani hivyo. Katika karne ya 19, misafara ya Waswahili kutoka pwani iliyokwenda bara kutafuta pembe za ndovu ilitua hapa, mahali walipopaita Njemps, kwa Wachamus. Baada ya wiki nyingi za nyika, hapa kulikuwa na nafaka ya kununua, kwa sababu Wachamus walikuwa wakulima wa mifereji. Walikinga maji ya mito na kuyaelekeza mashambani, wakalisha misafara. Joseph Thomson alipita hapo 1883 akiongozwa na watu wa pwani waliokuwa wakiijua njia kabla yake. Hesabu Teleki akafuata miaka michache baadaye, akielekea kulibatiza ziwa la kaskazini jina la mwana wa mfalme wa Austria. Shuleni tulifundishwa Thomson na Teleki. Mfereji hatukufundishwa.

Nautaja mfereji kwa sababu watu hawa wanayajua maji. Mtu akikwambia kwamba Wachamus walijenga kando ya ziwa kwa kukosa akili, mkumbushe kwamba mababu zao waliyafuga maji kama ng'ombe.

Majirani zao wa mashariki na kaskazini ni Wapokot. Uhusiano wa jamii hizi mbili umekuwa na vipindi vibaya sana: wizi wa mifugo, bunduki, vijiji kama vya Mukutani kubaki vitupu. Hapa ndipo nilipoanza kuyumba katika mjadala wangu. Katika miaka ya 2000, wazee wa pande zote mbili walikaa chini wakaunda hifadhi ya jamii upande wa mashariki wa ziwa. Wakaiita Ruko. Ukilipasua jina utaona Rugus, kwa Wachamus, na Komolion, kwa Wapokot. Ardhi ya ekari kama 44,000, pamoja na askari wa wanyamapori walioajiriwa kutoka pande zote mbili na kuwekwa katika doria moja. Fikiria hilo kidogo. Unampa bunduki kijana ambaye kaka yake alipigana na kaka yako, kisha mnatembea naye usiku, na kazi yenu ni kumlinda mnyama ambaye si wake wala si wako.

Mnyama mwenyewe aliletwa mwaka 2011. Twiga wanane walirudishwa Baringo, wakawekwa kwenye rasi ya Longicharo, penye maji pande tatu. Rasi ilichaguliwa kwa sababu majangili wangepata taabu kuifikia. Mawazo mazuri. Ziwa lingekuwa ukuta.

Walirudi kama mali ya watu wawili waliokuwa wakigombana, na ndiyo maana wengi pale wanawazungumzia kama alama ya amani. Mwanzoni nilidhani hayo ni maneno ya vipeperushi vya wafadhili. Lakini kuna hesabu nyuma yake. Mgeni akija kuona twiga, analipa. Pesa inaingia kwenye mfuko mmoja, inatoka kama mshahara wa askari na karo ya watoto wa pande zote mbili. Risasi moja ikilia, mgeni haji, na mtoto wako na wa adui yako wanarudishwa nyumbani kutoka shule siku moja. Mimi niliyerudi nyumbani kwa ajili ya karo ninaielewa amani ya namna hiyo kuliko ile ya njiwa na majani.

Kisha ukuta ukaanza kutembea.

Ziwa Baringo halina mto unaotoka ambao unaweza kuuona. Maji huingia kutoka milimani, na yanayotoka hupenya kwenye nyufa za miamba chini ya ardhi. Ndiyo sababu linabaki na maji baridi yanayonyweka, wakati jirani yake Bogoria ni chumvi tupu. Likijaa kuliko linavyovuja, halina pa kwenda ila pembeni. Lilianza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 2010, pamoja na maziwa mengine ya Bonde la Ufa: Nakuru, Naivasha, Bogoria, Turkana. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kawaida upande wetu, mvua zikanyesha kama zimetumwa, na 2020 zikaendelea. Ongeza udongo unaobebwa kutoka vilima vilivyokatwa miti. Wapo pia waliosema ardhi ya Bonde la Ufa yenyewe inasogea na kubadilisha njia za maji chini kwa chini, na mjadala huo ulichukua magazeti miezi kadhaa. Wenye nyumba hawakuwa na miezi. Shule, zahanati, hoteli za watalii, barabara, mashamba, vyote viliingia majini. Viboko na mamba wakasogea hadi mlangoni, kwa sababu mlango ndio uliokuwa ufuko mpya. Ripoti ya serikali iliyotolewa 2021 kuhusu maziwa haya ilihesabu karibu watu 380,000 waliohitaji msaada katika kaunti 13.

Na rasi ya Longicharo ikakatika ikawa kisiwa, na kisiwa kikaanza kupungua. Asiwa alikuwa ametengwa na wenzake, peke yake kwenye kipande chake. Majani yalikwisha, askari wa Ruko wakawa wanavuka na boti kumpelekea chakula. Hao ndio waliopiga kelele ya kwanza. Nilipoandika yale maneno yangu nilidhani ni wazungu wenye kamera waliomwona twiga. Kabla ya kamera kulikuwa na vijana wa Kipokot na wa Kichamus wakivusha matawi na maganda ya migunga kwa boti ndani ya ziwa la mamba, wengine wakiwa wametoka kuhamisha mama zao wiki hiyo hiyo.

Wakaitwa KWS, Northern Rangelands Trust na shirika la Marekani liitwalo Save Giraffes Now. Tatizo likawa la kiufundi. Twiga si mbuzi wa kufunga nyuma ya bodaboda. Moyo wake umezoea kusukuma damu juu kwa nguvu ya ajabu; ukimlaza kwa dawa, presha inaweza kumharibu ubongo, na mate yake mwenyewe yanaweza kumkaba. Helikopta haina maana kwake. Kwa hiyo wakachomelea chelezo: fremu ya chuma yenye kuta ndefu ili asiruke, ikielea juu ya mapipa matupu 60. Kama ni mtu wa Gikomba au Kamukunji unaweza kuichora kichwani hapo hapo. Ni fundi wa kuchomelea, mapipa, na hesabu ya uzito.

Tarehe 2 Desemba 2020, Asiwa alidungwa dawa, akaanguka, akapewa papo hapo dawa ya kumzindua, akafunikwa macho na kuongozwa kwa kamba hadi ndani. Akavuka amesimama. Waliobaki walihamishwa mmoja mmoja kwa miezi minne. Baadhi yao walibembelezwa tu: chelezo kinaegeshwa ufukoni, vyakula wavipendavyo vinawekwa ndani, wanazoea hatua kwa hatua mpaka wanaingia wenyewe. Katikati ya shughuli hiyo mmoja wa majike, Ngarikoni, akazaa. Mtoto akaitwa Noelle, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Krismasi. Wanane wakawa tisa. Mama na mtoto ndio waliovuka mwisho, tarehe 12 Aprili 2021, kuingia eneo lenye uzio la ekari 4,400 ndani ya Ruko. Wakati huo twiga wa aina yao walikuwa hawafiki 3,000 Afrika nzima, kama 800 wakiwa Kenya, kwa hiyo tisa si idadi ya kuchezea.

Si mara ya kwanza twiga wa pande zetu kupakiwa chomboni. Mwaka 1414 mmoja alifika kwa mfalme Yongle wa China kupitia Bengal, na wanahistoria wengi wanaamini asili yake ilikuwa Malindi. Mwaka uliofuata Malindi ikapeleka wake moja kwa moja. Wachina wakamwona kama mnyama wa heri wa hadithi zao, na picha yake ikachorwa. Karne nne baadaye mtawala wa Misri akamtumia mfalme wa Ufaransa twiga aliyekamatwa Sudan; akavuka bahari hadi Marseille, akatembea kwa miguu yake hadi Paris mwaka 1827. Kila safari ilikuwa watu wawili wanaongea kupitia mnyama: tujuane, tufanye biashara, usinipige vita. Mnyama mwenyewe hakurudi kamwe. Safari ya Asiwa ilikuwa fupi, ng'ambo ya ziwa tu, lakini mazungumzo yalikuwa yale yale, na safari hii aliachwa kwao.

Hapo nikasita kidogo, kwa sababu hadithi ilikuwa imeanza kunoga kupita kiasi, na Baringo imeshapata hadithi tamu nyingi kutoka kwa watu wenye nia njema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ililetewa mathenge, mti wa kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ulitapakaa mpaka ukafunga malisho, na maganda yake yenye sukari yakaoza meno ya mbuzi. Wachamus walipoishtaki serikali walimpeleka mahakamani mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Ni kesi ninayoipenda kuliko zote katika historia ya nchi hii.

Na ukienda kusini kidogo, Bogoria, wanyamapori wana maana nyingine kabisa. Huko, miaka ya 1970, Waendorois waliondolewa kwenye ardhi yao ili iwe hifadhi ya wanyama. Walikwenda hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, wakashinda, uamuzi ukatangazwa 2010, na miaka imepita wakidai utekelezwe. Hata hifadhi za jamii za kaskazini hazina amani na kila mtu. Northern Rangelands Trust imeshutumiwa kuwanyima wafugaji ardhi, ikakana, na Januari 2025 mahakama ya Isiolo ikaamua kwamba hifadhi mbili zinazohusiana nayo hazikuanzishwa kisheria. Ruko haikuwa kati ya hizo mbili. Lakini mtu wa Baringo akikuuliza “mnyama huyu ni wa nani?”, usidhani anatania.

Kwa hiyo nilikwenda. Juni 2021, pesa ya makala mbili nilizolipwa kwa kuchelewa, matatu hadi Nakuru, nyingine hadi Marigat, bodaboda hadi Kampi ya Samaki. Barabara ya zamani ilishuka ikaingia majini bila kuaga. Ziwani miti ilikuwa imekufa ikiwa imesimama, mieupe, na ndege wa majini wamejenga juu yake.

Mwenye boti alikuwa mzee Mchamus, mtu wa maneno machache. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia “marahaba, kijana,” akanitajia bei ambayo haikuwa na shikamoo ndani yake. Tulipatana. Tukapita karibu na kilichobaki cha Longicharo, kisha akaelekeza boti ufuko wa mashariki. Tulifuata uzio kwa miguu na askari wawili. Mmoja alizungumza Kipokot kwenye simu na mwingine akimcheka kwa Kimaa, na hakuna aliyenitafsiria utani ule.

Tuliwaona kwa mbali, watano, vichwa juu ya migunga. Soksi nyeupe hazikuonekana kwa sababu ya nyasi. Nilikuwa nimejiandaa kuhisi kitu kikubwa, na nilichohisi ni njaa, kwa sababu tangu Nakuru sikuwa nimekula. Yule askari wa Kipokot alinipa nusu ya chapati yake. Nikamuuliza kama mafuriko yaligusa kwao. Akasema kwao ni juu, lakini soko walilotumia na zahanati vilikuwa chini. Alikwenda na mwenzake kubomoa paa la nyumba ya mamake mwenzake kabla maji hayajafika, waokoe mabati. “Mabati tuliyabeba na boti ya twiga,” akasema, maana yake boti ile ile waliyokuwa wakipelekea chakula. Sikuwa nimewahi kuyasoma hayo popote.

Tukirudi jioni, mzee alipunguza injini mahali ambapo sikuona sababu. Maji matupu. Akanyamaza kama mtu aliyefika kituo. Nikamuuliza kuna nini.

“Zizi,” akasema. “Langu.”

“Hapa chini?”

“Wote wanaokuja wananiuliza twiga. Nawapeleka. Lakini napitia hapa.” Kisha akaongeza mafuta na tukaenda.

Mwaka uliofuata wakazi wa Baringo, wakiwa na Kituo cha Sheria, walifungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Iten, wakidai kwamba serikali na taasisi zake hazikuwakinga na madhara ya mabadiliko ya tabianchi. Wengine ni wa jamii ile ile iliyompandisha mbuzi kizimbani. Chelezo kilichukua miezi michache kupanga na kuchomelea, na sababu moja, nadhani, ni kwamba twiga tisa wanahesabika, wana majina, na wana wenyewe wawili ambao kila mmoja angemlaumu mwenzake kama wangezama. Mzee mwenye zizi ana jina pia. Sikumwomba ruhusa ya kuliandika.

Usiku ule nililala Kampi ya Samaki, chumba cha bei ya chini, viboko wakikoroma nje ya dirisha. Nilimtumia rafiki yangu picha zote: miti iliyokufa, maji mahali pa zizi, vichwa vitano juu ya migunga. Alikuwa Nairobi, anafanya kazi kwenye duka la simu. Chuo na yeye aliachia njiani. Nilitegemea atasema kitu kuhusu shingo.

Alikaa muda akiandika na kufuta. Mwishowe ujumbe ukaingia.

“Na yule mtoto, Noelle, amefika urefu gani?”